Mtoto Aliyelala Suji Akakesha Same

Mama zangu, dada zangu, na wewe mwalimu wa kanisa uliyekubali leo kukaa benchi la nyuma ukatuachia mbele, nawasalimu nyote kwa upendo. Mliokuja na watoto wachanga, tafadhali msitoke nje wakianza kulia. Nimezoea kusema huku mtoto analia. Nilikula hivyo, niliomba hivyo, nilipika hivyo kwa miezi mingi. Na ninyi majirani zetu wa upande wa sokoni, mliotoka kwenye swala yenu mkaja kutusikiliza, karibuni sana. Baadhi yenu kilio ninachokisimulia mlikisikia kwa masikio yenu.

Sitamtaja mtu kwa jina. Same hii ni ndogo, na kesho tunakutana kisimani.

Mimi nimezaliwa Mhezi, ambako ukungu unaingia mpaka jikoni na nguo zilizoanikwa zinakaa siku nyingi bila kukauka. Niliolewa Suji. Mume wangu alipata kazi ya kutengeneza njia ya reli hapa chini, nami nikabaki mlimani kwa mama mkwe mpaka nijifungue, kama ilivyo desturi yetu. Nilitunzwa vizuri. Moto haukuzimika ndani ya nyumba ile. Mtoto wangu wa kwanza, mvulana, alipakwa samli, akavishwa kofia ya sufu, akafungwa kwenye blanketi zito, akalala. Alilala hata tukawa tunamwamsha ili anyonye. Nikadhani watoto wote wako hivyo.

Lazima niwaeleze juu ya blanketi hilo, maana msipolielewa hamtaelewa mengine. Mama mkwe wangu alizika watoto wawili wachanga, wote kwa ugonjwa wa kifua, wote wakati wa baridi. Baadaye, siku za vita vya Wazungu, nguo zilipokuwa adimu hata watu wakavaa magunia, alipata blanketi moja la sufu. Hakulala nalo hata mara moja. Alilikunja akaliweka juu darini, akisubiri mjukuu. Kwa hiyo mwanangu alipofungwa ndani yake, alifungwa ndani ya hofu yote ya yule mama, na ndani ya mapenzi yake yote.

Siku ya kuteremka alitusindikiza mpaka mwanzo wa mteremko.

"Mwanangu," akaniambia, "kule bondeni kuna upepo. Upepo ndio unaoingia kifuani. Dirisha usilifungue mpaka mtoto atembee. Moto usizimike ndani. Na blanketi lisimtoke."

"Nimesikia, mama."

"Umesikia au unaitikia tu?"

"Nimesikia, mama."

Ndugu zangu, nawaambia, shida yangu haikutoka kwenye ukaidi. Nilitii kila neno.

Nyumba za wafanyakazi wa reli mnazijua. Chumba kimoja, mabati juu, dirisha dogo upande wa magharibi. Tulifika wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za vuli, wakati vumbi la Same linapita barabarani kama lina safari yake. Nikafunga dirisha. Nikawasha mkaa kwenye chungu kilichopasuka, nikakiweka pembeni ya kitanda. Nikamfunga mtoto kama nilivyoonyeshwa. Jua lilipoanza kushuka akaanza kulia.

Nilidhani ni ugeni wa mahali. Kesho yake akalia tena, na siku zilizofuata pia. Ananyonya kidogo, anaachia, anapiga kelele, anapinda mgongo kama upinde. Nikimbeba na kutembea naye anasinzia kwapani mwangu. Nikimlaza tu, macho hayo. Kichwa chake kilikuwa kimelowa. Shingoni akatoka vipele vyekundu. Mimi nikaona jasho lile, nikasema hii ni homa, na mtu mwenye homa anafunikwa. Nikaongeza kanga juu ya blanketi. Akilia zaidi, naongeza mkaa. Unaona, mama, jinsi nilivyokwenda? Kila nilipoona taabu yake imezidi, nilimwongezea kile kile kinachomtaabisha, na kwa moyo safi kabisa.

Upande wa pili wa ukuta walikaa vijana wawili wa reli. Walivumilia, halafu uvumilivu ukawaishia. Asubuhi moja mmoja wao alisimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba. Nisameheni jamani."

"Hapana, sisi tunafikiria mema tu. Huyu mkamwandikishe reli. Siku treni ikiharibika filimbi, anapandishwa mbele."

Nilicheka. Kisha nikaingia ndani nikalia, maana hata yule kijana macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mmoja alisema ni jicho baya. Mwingine alisema maziwa yangu yamechacha kwa sababu nateka maji juani, nikamue ya kwanza nimwage chini. Nikamwaga. Wazee wetu wa kanisa walikuja wakatuombea, na wakati wa maombi mtoto alilia hata "amina" haikusikika. Nikampeleka zahanati. Mganga akaniambia nimvue nguo zote apimwe. Alipowekwa pale kwenye mizani, mtupu kabisa, alinyamaza, akainua miguu, akamchekea mganga.

"Mama," mganga akasema, "mtoto mzima huyu. Anakua vizuri. Kilio kiko wapi?"

Nikamvika kofia, nikamfunga blanketi, na kabla sijafika kwenye mti wa mkwaju pale njiapanda alikuwa ameanza tena. Mnacheka. Chekeni tu, hata mimi leo nacheka. Lakini akili iliyokosa usingizi inaona jambo mbele yake na kulipita.

Halafu kukawa na ubatizo Suji, tukapanda. Ndugu zangu, kule juu mtoto alilala. Usiku wa kwanza alilala, mchana alilala, akanyonya akashiba, akalala tena. Moto ule ule, blanketi lile lile, maziwa yale yale. Wifi yangu alikuwa anamenya ndizi, akasema bila hata kuinua kichwa:

"Kumbe mtoto hana shida. Wengine hawajaaliwa mikono ya kulea, ndiyo hivyo."

"Nyamaza wewe," mama mkwe akamkemea. Lakini aliniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko maneno ya wifi. "Mwanangu, mtoto anaitaka nyumba yake. Usione vibaya."

Nilirudi Same nikiamini kwamba kasoro ni mimi. Hata sikuwaza kwamba kule Suji pia nilikuwa mimi huyu huyu.

Mume wangu ni mtu mpole, na nasema haya akijua nitayasema. Siku moja nyapara alimkuta relini amesinzia, amesimama, ameegemea nyundo yake. Alionywa. Jioni alirudi akaketi kwenye kigoda.

"Mke wangu, sikia. Kazi ikinitoka, tunarudi wote mlimani, na kule shamba limeshagawanywa mpaka mpakani. Mtoto aende kwa mama. Akishatembea atarudi."

"Atanyonya nini?"

"Kuna ng'ombe wa maziwa."

"Na mimi?"

Nikamngoja ajibu. Kisha nikaona ameshalala, ameketi vile vile, mikono imening'inia.

Sikuwa na hoja ya kumpinga. Hapo ndipo nilipoanguka, mama zangu. Wengine huanguka kwa pombe au kwa deni. Mimi nilianguka kwa kukubali, ndani ya moyo, kwamba mwanangu ataishi vizuri zaidi mbali nami. Salamu zikapelekwa Suji, na jibu likaja kwamba mama mkwe atateremka mpaka Makanya, apande treni, aje amchukue.

Siku hiyo niliamka nikaanza kumwandaa. Sikutaka arudi mlimani na vitu vichafu, mtu akasema tena juu ya mikono yangu. Nikafua blanketi. Nikafua kofia. Nikavianika kwenye kamba nje, vikawa vinadondosha maji. Mkaa wa ndani niliutoa wote nikautia kwenye jiko la uani, kwa sababu nilitaka mgeni akute makande yameiva. Mchana ukaenda hivyo. Nikamwogesha mtoto kwa maji ya mtungini, kwa kuwa ya moto yalikuwa yameisha kwenye kufua. Nilipomaliza, mikono yangu ilikataa kumbeba. Sijui nielezeje. Haikuuma, ilikataa tu. Nikatandika mkeka pale mlangoni, mlango wazi ili niione njia ya stesheni, nikamlaza na kipande cha kanga juu ya tumbo. Nikakaa kando yake nikaweka kiganja changu juu ya ile kanga. Nikamwimbia kwa Chasu, lugha yetu ya mlimani, wimbo ule ule wa mama yangu, nusu yake nimeusahau. Nikaangalia njia.

Upepo ulikuwa unapita. Nikaangalia njia muda mrefu. Halafu nikasikia kimya.

Nilimtazama. Amenyooka, mikono imefunguka pembeni, mdomo wazi kidogo, hatikisiki. Hajawahi kulala hivyo katika nyumba ile. Ndugu zangu, mimi nilijua jambo moja tu linaloweza kumfanya mtoto yule anyamaze mchana wa Same. Nikapiga ukelele.

Jirani yangu, huyu anayeuza mchele wa Ndungu, alikuja mbio na ungo mkononi, mchele unamwagika njiani.

"Nini? Nini, mwenzangu?"

"Amekufa! Mwanangu amekufa!"

Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto. Kisha akanigeukia, na kwa mkono wake akanifunika mdomo.

"Subhanallah! Funga kinywa chako utamwamsha. Huyu amelala."

"Halali huyu!"

"Sasa hicho anachofanya ni nini? Anasoma?" Akampitisha kidole shingoni. "Ona, hata harara zake zimenywea."

"Harara ni nini?"

Alinikodolea macho. "Hivi vipele. Vya joto. Hamna kwenu?"

Kwetu hakuna. Nilikuwa na mtoto mwenye harara nusu ya mwaka, na neno lenyewe nilikuwa sijawahi kulisikia. Naye alikuwa hajawahi kuniuliza, kwa sababu mlango wangu ulikuwa umefungwa siku zote na mtoto amefunikwa mpaka machoni. Kosa lilikuwa la njia nzima ya kulea tuliyobeba kutoka kwenye ukungu tukaitua huku kwenye jua bila kuigusa.

Tulikuwa bado tumepiga magoti pale mama mkwe alipotokea. Alikuwa amevaa kama mtu wa Suji anavyovaa safari, gauni la kitenge kizito, sweta, na shuka juu ya sweta. Mbeleko mpya ilikuwa imekunjwa chini ya kwapa. Alimwona mjukuu wake mtupu, amelazwa kwenye upepo wa mlangoni, na mlango wazi, na moto hakuna.

"Mnamuua!" akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu anayeona jambo analolijua likirudi. Akaanza kuvua shuka lake amfunike.

Mimi sikuwahi kumpinga yule mama, hata kwa jicho. Lakini nilijikuta nimeshika mkono wake.

"Mama, shikamoo. Nakuomba. Mguse kwanza."

"Niache."

"Mguse tu, mama. Hapa nyuma ya shingo. Ukimkuta wa baridi, mfunike, mchukue, sitasema neno."

Alisimama. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni, limelowesha kola ya sweta. Kisha akainama polepole, akaingiza vidole nyuma ya shingo ya mtoto, akaviacha pale. Jirani yangu alishika ungo wake kifuani.

"Mkavu," mama mkwe akasema. "Ana joto lake la kawaida." Akagusa na miguu. Kisha akaketi kwenye kizingiti, akajigusa shingo yake mwenyewe, akautazama mkono uliolowa. Taratibu akavua lile shuka. Akavua na sweta. Akalipeperusha gauni kifuani.

"Tangu Makanya nahisi nachemka," akasema. "Nikasema ni uzee."

"Siyo uzee, bibi," jirani akamwambia. "Ndiyo Same."

Mama zangu, ningependa niwaambie kwamba tangu siku ile mtoto alilala na sisi tukalala. Haikuwa hivyo. Mume wangu aliporudi tuliamua mama akae kidogo tuone, na jioni ile ile mtoto alilia tena. Kilikuwa kilio kifupi zaidi, lakini kilio. Nikavunjika moyo kabisa. Nikasema basi, achukuliwe. Mama mkwe ndiye aliyekataa.

"Ngoja. Joto tumeliona. Sasa kuna mazoea. Umembeba ukitembea miezi yote hii; hajui kwamba mtu anaweza kulala akiwa amelazwa."

Basi nawaeleza tulivyofanya, na mama mchanga asikilize vizuri. Jua likishuka tulifungua dirisha na mlango, tukanyunyiza maji sakafuni ili chumba kipoe. Mkaa ulibaki uani. Mtoto alioga maji ya vuguvugu, akavaa kinguo kimoja chepesi, akanyonya bila kuharakishwa. Kisha nilimwimbia wimbo ule ule, kila jioni huo huo, nikamlaza chali kabla hajalala kabisa, macho yakiwa yanazunguka bado. Nikaweka kiganja tumboni. Akilia, sikumwacha alie peke yake. Nilimnyanyua, akatulia, nikamlaza tena. Akalia, nikamnyanyua. Tena na tena, mpaka mgongo ukauma. Nikichoka, mama mkwe alishika zamu, na akichoka yeye, jirani alipita ukutani akiuliza, "Bado?" tukamjibu, "Bado!"

Baada ya siku kadhaa kiganja kilitosha. Baadaye nikawa nakiinua mapema kidogo, halafu mapema zaidi. Zilikuwepo jioni tulizorudi mwanzo kabisa, meno yalipoanza, na mimi nikalia pamoja naye. Nazitaja makusudi, ili jioni ya namna hiyo ikikujia usidhani umeharibu kila kitu.

Na msitoke hapa mkasema nimewakataza mablanketi. Mwezi wa saba hapa Same asubuhi ina baridi, mfunike. Ukipanda mlimani, mfunike vizuri. Wazee wetu hawakukosea. Walikuwa wanasema juu ya Suji.

Asubuhi moja mama mkwe alifunga mzigo wake. Nilimwona ameshika ile mbeleko mpya, nikasogea karibu na mtoto. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka. Alimtazama, akamgusa nyuma ya shingo, akanikabidhi mbeleko.

"Hii ni nyepesi kuliko ya kwako," akasema. "Mbebe kwa hii."

Nikamsindikiza stesheni. Alipanda treni mgongo mtupu, sweta mkononi.

Namshukuru yeye, kwa kuwa ilimgharimu zaidi kuliko sisi wote kumwona mtoto kwenye upepo na kumwacha hapo. Namshukuru jirani yangu wa mchele, ambaye hakudai hata punje aliyomwaga njiani. Nawashukuru wale vijana wa ukutani, ambao siku ya kwanza walipolala mpaka asubuhi waligonga mlango kuuliza kama mtoto ni mgonjwa. Namshukuru mume wangu, aliyekubali kusubiri huku kazi yake ikiwa hatarini. Na namshukuru Mungu, ambaye aliichosha mikono yangu wakati unaofaa.

Mtoto wako akikesha, watakuja watu na maneno mengi, na mimi leo nimekuwa mmoja wao. Kabla hujatusikiliza, ingiza vidole nyuma ya shingo yake ujue yuko vipi. Anza hapo. Na kama umemgusa, umempoza, umemwimbia, umemnyanyua na kumlaza, na bado analia, na huoni sababu yoyote, basi mlete kwangu. Huenda nami nisione. Lakini nitamshika wewe ulale kidogo.